Baba Mkwe Anataka Kuzunguka Ulaya Akionja Bia, na Mpangaji wa Safari Ni Mimi

Mpendwa Mama Kezia,

Naomba msaada wako, na unisamehe kama barua hii itakwenda huku na huku, maana mimi mwenyewe sijui nimesimama wapi. Jina langu ni Bibiche, nina miaka thelathini na tisa, ni Mkongomani wa Kivu, tunakaa Gulfton hapa Houston, nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao na mume wangu Élysée yuko kwenye ghala, na Jumapili yeye ni mkuu wa mashemasi katika kanisa letu, kanisa ambalo pombe haiguswi hata kwa ncha ya kidole, na hilo nakuomba ulishike kwanza kabla sijaendelea.

Tunaishi na watoto wetu, Zoé na wadogo zake, na baba wa mume wangu, Papa Nathanaël, ana miaka sabini na minne. Papa si mlevi, Mama Kezia, sijawahi kumwona na glasi. Lakini kule kwetu, kabla ya vita, alikuwa fundi wa kupika bia kiwandani kwa miaka ishirini na minane, na yeye ndiye aliyeonja kila tangi kabla bia haijatiwa kwenye chupa, anasema wakubwa wote walisimama kimya wakimngoja afunge macho, anuse, ameze kidogo, halafu aseme ndiyo au hapana. Mwaka wa themanini na sita ikatokea nafasi ya kwenda Ubelgiji kusoma miezi sita, Papa akapimwa mpaka suti, na wiki ya mwisho mkurugenzi akamtuma mpwa wake. Papa hakugombana na mtu, alirudi kwenye matangi yake. Halafu vita ikaja, wakakimbia, tukakaa kambini Tanzania miaka mingi, tukaletwa Amerika, na neno bia sikulisikia kinywani mwake mpaka mwaka huu, alipofaulu mtihani wa uraia na pasipoti ikaja kwa posta.

Siku ileile akanifuata jikoni.

“Mama Zoé, wewe unajua kompyuta. Nitafutie njia.”

“Njia ya wapi, Papa?”

“Ubelgiji, kwa wale watawa wanaopika bia. Kisha Bamberg, Ujerumani, kuna bia yenye harufu ya moshi. Kisha Plzeň kwa Wacheki, bia ya dhahabu ilianzia pale. Niende na pua yangu mwenyewe.”

Nilicheka. Nikamuuliza kama Élysée anajua, akasema Élysée atajua tukishapata njia. Nikamuuliza mbona sasa, baada ya miaka yote hii, akakaa kitini akaniambia, “Pua yangu inakufa.”

Kumbe kwa miezi kadhaa alikuwa anaficha vichupa chumbani kwake, kimoja kina kahawa, kingine siki, karafuu, maganda ya limau, sabuni, na kila asubuhi alikuwa akijipima. Tangu siku hiyo nikawa namshikia mimi, yeye anafumba macho. Wiki ya kwanza alipata vyote isipokuwa kimoja. Wiki ya nne nilimshikia karafuu akasema sabuni, nikamshikia siki akasema hakuna kitu humo, umenishikia maji. Mimi natunza wazee, najua pua kupotea inaweza kuwa mafua au umri tu, na inaweza pia kuwa mwanzo wa ugonjwa wa ubongo, nikamwambia Papa twende kwa daktari, akasema daktari atamwambia asisafiri, na mimi nikaendelea kupanga.

Nimepanga miezi miwili, Mama Kezia, safari ya siku tisa, mwezi wa tisa. Nikiwa kwenye basi naenda kazini nasoma saa za treni. Mimi ambaye sijaonja hata tone, leo najua shayiri inavyoloweshwa, inavyooteshwa, inavyokaushwa juu ya moto wa kuni ili ishike moshi. Kuhusu pesa usihofu, shemeji zangu walioko Kanada wamesema watalipa. Na kwa sababu mzee hawezi kwenda peke yake, niliandika jina langu pembeni ya jina lake, na nilipoliona hapo moyo wangu uliruka, kwa maana maisha yangu yote nimesafiri kwa kukimbia tu, sijawahi kusafiri kwa kwenda. Hilo nalo nalitubu kwako.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mashine yetu ya nyumbani haina wino, nikaprinti ratiba ofisini kanisani Jumapili asubuhi kabla ya ibada, nikaitwa kupanga viti, nikasahau. Dada Christelle, katibu wa kwaya, akachukua karatasi zote kwenye mashine akidhani ni maneno ya wimbo mpya, akazigawa. Mama mmoja wa sauti ya pili akasimama akasoma kwa nguvu: “Siku ya tano, Bamberg. Asubuhi, kiwanda cha kwanza cha bia. Mchana, kupumzika. Saa kumi, kiwanda cha pili.” Akauliza kama hiyo ni ziara ya kwaya. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, halafu akafika chini akakuta jina la Papa na jina langu, na kicheko kikakatika. Élysée alikuwa mlangoni. Alikuja, akaichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaitoa tena tulipofika nyumbani na chakula kikawa mezani.

“Papa, ni kweli?”

“Ni kweli.”

“Bia? Watu watasema nini juu ya shemasi ambaye baba yake anavuka bahari kufuata pombe?”

Papa aliweka kijiko chini. “Élysée, viatu vyako vya shule vilitoka kwenye bia. Dawa ulipougua surua, bia. Biblia uliyobatizwa nayo, bia. Siku zile hukuniuliza ilinuka nini.”

Mume wangu aliinuka akatoka, akaenda kukaa ndani ya gari pale maegesho, injini imezimwa, na ilikuwa joto lile la Houston mwezi wa sita. Na hapo ndipo Papa aliponigeukia, akaniambia kwa upole kabisa, “Orpa, mpelekee mtoto chakula chake.”

Orpa ni marehemu mke wake. Nilichukua sahani, nikampelekea Élysée garini. Wazee huteleza ulimi, hata mama yangu aliita watoto wote majina yote kabla ya kufika kwenye lile alilotaka. Lakini pua, na sasa jina?

Toka siku ile Élysée amesema nikikata tiketi nimechagua upande. Papa haulizi kitu tena, ila kila asubuhi anatia pasipoti kwenye mfuko wa shati, hata akienda tu kuangalia barua. Mimi sielewi. Sijui kama ni dhambi kumpeleka mtu asiyelewa aende kuonja kazi ya mikono aliyoifanya maisha yake yote. Sijui kama namsaidia mzee au nausaidia ugonjwa. Sijui kama safari hii naitaka kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nikingoja, pua itakwisha. Nikienda, labda ndoa itakwisha. Nifanye nini, Mama Kezia?

Bibiche, Gulfton

Bibiche mwanangu,

Pole sana. Sasa kaa, nianze na yale ambayo hutayapenda, halafu tutafika kwenye yale mengine.

Kwanza, nani alikutuma ukaprinti ratiba ya bia kwenye mashine ya kanisa? Mjini Houston hakuna maktaba ya kuprintia? Lakini hilo ni dogo, hata mimi nilipolisoma nilicheka peke yangu hapa Mansfield. Kubwa ni kwamba kwa miezi miwili ulijua jambo la baba wa mume wako ambalo mume wako hakulijua. Hukumficha bia tu. Ulimficha kwamba huenda baba yake anaugua. Mtu akigundua kwamba karatasi imegawiwa kwaya nzima kabla yeye hajaiona, unataka akupigie makofi?

Pili, nimekuwa nesi miaka thelathini kabla sijaanza kujibu barua, na wewe pia kazi yako unaijua. Mzee asiyenusa siki hapelekwi Ulaya wala hafichwi nyumbani. Anapelekwa kwa daktari. Wiki hii, si mwezi ujao. Mweleze daktari habari ya pua na habari ya jina la marehemu, yote mawili bila kuyapamba. Huenda si kitu. Huenda ni kitu. Mimi siwezi kujua kupitia gazeti na wewe huwezi kujua kwa kumshikia vichupa. Uliza pia kama dawa anazomeza zinapatana na bia hata kidogo. Na mwambie Papa hivi: daktari hatakiwi kumpa ruhusa ya kuishi, anatakiwa kumwambia ana muda gani wa kunusa. Fundi anayejua kazi yake hukagua tangi kabla ya kulifungua.

Kuhusu dhambi, mimi sinywi na sitajifanya mchungaji wako. Papa ana miaka sabini na minne na mdomo anao. Aende mwenyewe kwa mchungaji, aketi, aeleze kazi aliyoifanya na anachokitafuta, ajibiwe yeye. Hilo si la kwako wala la Élysée, na hakika si la kwaya.

Sasa nije kwa mume wako. Uliniandikia nambari yake ukaniruhusu nimpigie, nami nilimpigia Jumanne wakati wa mapumziko yake ya chakula. Nilitarajia mahubiri. Alinisalimia vizuri, halafu akasema hivi, na amekubali niyaandike:

“Mama, mimi bia hainitishi. Tulipokuwa tunakimbia nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilitangulizwa mbele na mizigo, mama yangu akabaki nyuma na Papa kwa sababu alikuwa anaumwa. Papa alipotufikia alikuwa peke yake. Akaniambia ameshamzika. Kaburi sikuliona mpaka leo. Sasa Papa naye aende mbali, mimi nibaki hapa ghalani nasubiri kuambiwa kwa simu?”

Nikamuuliza kama mkewe anayajua hayo.

“Anajua mama alifia njiani. Hayo mengine hajaniuliza.”

Nikamuuliza kama amewahi kumwuliza baba yake siku ile ilikuwaje. Nilisikia magari ya kubebea mizigo yakipiga king'ora huko ghalani kwake yanaporudi nyuma, nikadhani amekata simu.

“Papa haongei hayo,” akasema mwisho. “Na mimi nitaanzia wapi? Mezani, watoto wanasikiliza?”

Basi, Bibiche, nyumba nzima inagombana juu ya bia na hakuna hata mmoja anayezungumza juu ya bia. Mzee anataka kuiaga kazi yake kabla pua haijamwacha. Mwanawe anaogopa kuachwa nyuma kwa mara ya pili. Na wewe, mwanangu, umeipenda hii safari kuliko wote wawili. Sikulaumu. Umetunza wazazi wa watu, umelea watoto, na ulistahili kuona jina lako kwenye kitu kizuri. Lakini tamaa yako isimame kwa miguu yake, isijifiche nyuma ya mzee mgonjwa. Mwambie Élysée waziwazi kwamba unataka kusafiri, na kwamba zamu yako inakuja, na mahali utapachagua wewe.

Hii si zamu yako. Daktari akikubali, fanya hivi. Nchi tatu kwa siku tisa, treni baada ya treni, utamuua mzee wa watu. Mwulize Papa achague moja, na akichagua usimbishie. Siku ziwe chache, viwanda viwili vinatosha, aonje kama alivyokuwa akionja kazini, kidogo na kwa macho yaliyofumbwa. Na mtu wa kukaa pembeni yake kwenye ndege ni mwanawe. Élysée halazimiki kunywa. Anatakiwa kukaa na baba yake saa nyingi mahali ambapo hakuna mtoto anayesikiliza, hakuna shemasi, hakuna shifti. Yale ambayo hawawezi kuyasema Gulfton, labda watayasema huko. Wakishindwa kuyasema, basi angalau yeye atakuwepo.

Utaniambia hatakubali. Hata mimi nilifikiri hivyo, kwa hiyo nilimwuliza moja kwa moja kama angeenda. Alisema hajawahi kuulizwa. Tukaagana. Kabla sijaweka simu chini nikasikia anaita, “Mama Kezia, samahani, bado uko? Huko Bamberg, mwezi wa tisa, kuna baridi?”

Mtu asiyekwenda haulizi baridi. Futa jina lako, andika lake, na umtafutie koti.