Zukini za Lusubilo na Tonge la Mama

Ihanda, Mbozi,
17 Machi 2024.

Mpendwa mdogo wangu Lusubilo,

Bwana asifiwe. Hujambo huko Torino, Italia? Mkeo Irene na watoto hawajambo? Baridi imepungua, au bado mnalala na soksi? Sisi ni wazima. Mama magoti yanamsumbua kidogo, lakini sauti yake unaijua, haijapungua hata robo.

Zile mbegu nane za zukini za mviringo ulizotutumia, hivyo viboga vya huko kwenu, zilifika, nikazipanda Desemba. Ningekusimulia kwenye simu, ila inakatakata, na haya yana kisa kirefu.

Unajua mimi kwa kilimo sifundishwi na mtu. Nilichimba mashimo, nikachanganya samadi, nikafukia mbegu mbili mbili kati ya mahindi kama tunavyofanya maboga. Siku ya saba zote zikatoka. Kuku wakaparua mbili, sita zikabaki. Nikangoja zitambae. Wapi! Zilikaa palepale kama kuku anayeatamia. Jirani yetu Alinanuswe akaja kuchuma majani ya mboga kama kawaida yake, yakamchoma mikono, akarudi kwake amenuna.

Matunda yalipotoka, mama alitukataza kuyanyooshea kidole, yasije yakaoza. Tukawa tunayaonyesha kwa ngumi. Nami nikayaacha yakomae, maana boga ninalolijua mimi huchumwa likishakomaa. Hapo nilikosea, nakiri. Yalikuwa makubwa kama kichwa cha mtu, nikayapasua kwa panga, na nilipoyachemsha yakawa nyuzi na maji.

Mama alitafuna kipande kimoja tu. Tangu uondoke, miaka tisa sasa, kila mlo huacha tonge moja sahanini, eti hajui kama Lusubilo naye amekula. Siku hiyo aliacha ugali wote. "Ndicho anachokula mwanangu huko?" akauliza, machozi yakamtoka. Niliumia sana, mdogo wangu. Nilitaka kumtuliza, kumbe nimemwongezea uchungu.

Ndipo nikakupigia, ukacheka weee, ukasema zichumwe zikiwa kama chungwa. Haya, umecheka, yameisha. Nikaondoa yote magumu, na baada ya wiki mbili mashina yakazaa tena.

Safari hii nilikata kila moja kifuniko juu, nikakomba ndani kwa kijiko. Nilichokomba nikakikaanga na kitunguu, nyanya na maharage ya jana, nikatia karanga za kutwanga. Nikajaza tena, nikafunika kwa kifuniko chake chenyewe, nikazipanga kwenye sufuria yenye maji kidogo, moto wa taratibu. Sijisifu, lakini hata Alinanuswe alisahau kununa.

Mama alikula mbili. Kisha akalichukua lile tonge la mwisho, lile lako, akalichovya kwenye mchuzi, akalila. "Kumbe anakula," akasema, akaomba maji ya kunawa.

Mbegu za yale magumu amezichanganya na majivu, akazitundika jikoni juu ya moshi. Nilitaka nikutumie chache, amekataa katakata. Anasema hizo utazipanda mwenyewe, hapahapa, mvua za Novemba zikianza.

Msalimie Irene, wabusu Brayan na Nesta mdogo. Shemeji yako Tuntufye anakusalimu. Mungu abariki meza yenu na njia ya kurudi nyumbani.

Wako akupendaye, dada yako,
Elizabeti