Kigoma Ilipopata Bahari

Nzuguni, Dodoma

Mjomba wangu mpendwa, Mwalimu Sila,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kwamba goti limepunguza kukusumbua. Mama Gladness naye hajambo? Mwambie ule mlenda mkavu alionitumia umeisha, na sioni haya kuomba mwingine. Mimi sijambo. Huku Nzuguni ni upepo na vumbi, lakini tupo.

Kwenye simu uliniuliza ninafanya nini kila Jumamosi na watu nisiowahi kuonana nao. Nilikujibu kwa mkato kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika. Sasa nikueleze vizuri, maana kuna jambo limenipata.

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, na ndani yake kuna kiini, yaani sehemu inayogawa kazi na kuamua programu ipi iguse nini. Kiini chetu kinatengenezwa kwa kujitolea na watu wa nchi nyingi. Mimi, Thobias wa Arusha na mama mmoja wa Brazili tunasimamia sehemu inayozungumza na prosesa, ule ubongo wa mashine. Prosesa za siku hizi zinajua hali mbili za kufanya kazi: ya sasa, na ya zamani iliyobakizwa ili programu za miaka ile zisife. Kiini kina mlango wa kuzipokea hizo za zamani.

Thobias alitaka tuuondoe mlango huo. Umekutwa na tundu ambalo mtu mbaya angepitia akaitawala kompyuta nzima, na si mara ya kwanza. Mama wa Brazili alikataa, akasema hatujui tutamwacha nani nje. Ikabaki kura yangu. Nikataka kujua kwanza: huyo wa nje ni nani hasa? Nikawauliza watumiaji wetu wote duniani. Kimya. Nilishaanza kuandika kwamba hakuna mtu, ndipo ikaingia barua pepe moja. Mjomba, ilitoka Mkonze, hapa hapa Dodoma!

Kesho yake nilichukua bodaboda. Nyuma ya kanisa nikamkuta dada mmoja, Angelina, anayechapa vitabu vya nukta nundu kwa ajili ya watoto wasioona. Wewe unaijua ile mashine inavyopiga kelele. Mimi nilikuwa siijui, nikaruka. Kompyuta yake ni mpya kabisa. Kilichozeeka ni programu inayoiendesha mashine ya kuchapa, ni ya ile hali ya zamani. Kampuni iliyoitengeneza ilishafungwa, na hakuna aliyebaki na maandishi yake ya asili, hivyo haiwezi kugeuzwa iwe ya hali ya sasa.

Angelina aliniuliza kama programu yake imewahi kumdhuru mtu. Nikamwambia hapana, shida si programu yake, ni mlango inaopitia. Akasema basi niulinde mlango, si ndiyo kazi yangu? Nikapapasa ukurasa uliotoka mashineni, nikahisi kama mchanga tu. Nilijiuliza wewe ulijifunzaje kusoma kwa vidole.

Nikashikwa na hamu ya kujua programu ile inaiambia nini mashine. Jumamosi zangu zote zikahamia Mkonze. Nilisikiliza kwenye waya unaotoka kompyuta kwenda mashineni, nikalinganisha kilichopita na kilichochapwa, na taratibu nikaanza kuelewa lugha yao. Nikaandika programu yangu mpya, ya hali ya sasa. Maneno yakatoka safi. Damas, mhakiki wao ambaye naye haoni, alipitisha vidole kurasa nyingi bila kupata kosa, nami nikaanza kuvimba kichwa.

Kisha tukachapa ramani ya jiografia ya darasa la tano. Damas akapapasa, akarudi pembeni mwa ukurasa, akapapasa tena. Akasema, "Dada Frida, Kigoma imepata bahari." Majina yalikaa mahali pake, lakini mchoro wote ulikuwa umegeuka, mashariki imekuwa magharibi, Ziwa Victoria lilikuwa limehamia Kilimanjaro. Tulicheka mpaka Angelina akazima mashine. Lakini yeye hakucheka.

Na ramani iko hivyo hivyo mpaka leo. Sijui kosa liko wapi, na siku ya kura ikafika.

Mjomba, nilipiga kura ya kuuondoa mlango. Usiku ule wa... hapana, niseme ukweli bila kuzunguka. Nilikuwa nimekusudia kuubakiza na kuusimamia mwenyewe, kwa ajili ya Angelina. Nikaanza kusoma mistari yake mmoja mmoja, nikagundua sielewi ninachotaka kukilinda. Wote walioielewa wameshaondoka. Hospitali na benki zinakitegemea kiini hiki, na mimi ningesema mlango uko salama kwa sababu tu nampenda mtu mmoja anayeupitia. Sikuweza.

Nilikwenda kumwambia Angelina mwenyewe. Alisikiliza, kisha akachomoa waya wa intaneti kwenye kompyuta yake. Akasema hatasasisha kitu, atabaki na kiini cha zamani mpaka ziwa lirudi mahali pake. Nikamwambia kwa jinsi hiyo yuko salama, na ni haki yake. Hakuniaga.

Nisalimie Mama Gladness, wajukuu, na wote wa hapo Mpwapwa wanaoniulizia. Nikipata nafasi nitakuja, unifundishe herufi hata tano za vidole vyako.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Frida

Naongeza haya nikiwa Mkonze. Nilileta barua hii ichapwe kwa nukta nundu ili uisome mwenyewe, nikasahau kwamba Angelina husoma kila kitu kwenye skrini kabla ya kuchapa. Alipofika kwenye kura yangu aliirudia aya ile tangu mwanzo. Amesema nikuandikie kwamba bado amekasirika, kwamba barua hii ameichapa kwa programu yake ya zamani na si yangu, na kwamba Jumamosi nije mapema, Damas amepata wazo kuhusu ile ramani.