Kichujio Nilichokifua

Ghorofa ya 16, nyuma ya Huanshi Zhonglu,
Wilaya ya Yuexiu,
Guangzhou, China.

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Mpendwa Dada Domina,

Shikamoo. Habari za Mbezi, habari za vumbi, na huo mgongo unaendeleaje? Natumaini umepata nafuu na umeacha kunyanyua ndoo kama msichana wa miaka ishirini. Na shemeji Heriel, bado anatibu presha kwa kitunguu swaumu? Sisi huku ni wazima kwa mwili. Pumu ya Koku imetulia tangu katikati ya Oktoba, na baba yake amerudi salama kutoka Yiwu alikokuwa akifuatilia mizigo ya wateja.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Anaileta Khalid, anayesafiri leo jioni. Nilitaka kukuandikia kwenye simu, lakini Anatory huchukua simu yangu kutafuta namba za watu wa mizigo, na mengine humu siyataki mbele ya macho yake.

Kwanza nikujibu ulichoniuliza kuhusu ile mashine ya hewa, maana nakujua, utaruka mistari ukitafuta jibu. Kwa chumba cha watoto wako wa kulea itafaa sana. Inakaa darini, ina feni mbili: moja inaingiza hewa ya nje, nyingine inatoa hewa iliyochoka. Hewa hizo hupishana ndani ya boksi bila kuchanganyika, na inayotoka huiachia inayoingia ubaridi wake, kwa hiyo AC haihangaiki.

Vichujio viko viwili. Cha kwanza ni wavu wa kukamata nywele na wadudu, hicho unakikung'uta na kukiosha kila mwezi. Cha pili ni karatasi nyeupe iliyokunjwakunjwa kama sketi ya shule, nacho ndicho kinachomlinda mwenye pumu. Ukinunua kingine, pima ukubwa mwenyewe kwa rula, usiamini picha ya muuzaji. Tazama mshale ubavuni uelekee upepo unakokwenda. Na usichukue kizito kuliko vyote ukidhani ndicho bora, feni ndogo itashindwa kupitisha hewa ndani yake. Kwa barabara yenu ile, kifungue kila miezi mitatu, na kikiwa kimegeuka rangi ya tambara la jikoni, kitupe.

Kitupe, dada. Mimi nilikifua.

Unajua tulivyolelewa. Kwa Mama mfuko wa plastiki ulioshwa ukaanikwa, na chupa ya dawa ikageuka ya mafuta ya kupaka. Basi mwishoni mwa Septemba nikakiloweka kichujio kwenye beseni la sabuni ya unga, nikakisugua, nikakianika barazani. Kikatoka cheupe, nikajisifu mwenyewe. Kumbe karatasi ile ikilowa hututumka na kuziba. Feni ya kuingiza ikawa haipati kitu, na ya kutoa ikaendelea na kazi yake. Hayo nilielezwa baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba nyumba imebadilika.

Mlango wa chooni ulianza kujifunga wenyewe, polepole, bila kishindo. Nguo za Koku zilitikisika ndani ya kabati na madirisha yote yamefungwa. Kisha ikaja harufu ya ubani wa Kichina, ule wa vijiti, na chini yake dawa ya kuchua. Ilitoka nyuma ya kabati hilo hilo. Sisi hatuna ubani humu ndani.

Kikafuata kikohozi. Ilikuwa saa nane mchana na Koku amelala. Nilidhani ni yeye, nikamwinamia, nikakuta mdomo umefungwa na anapumua vizuri. Kikohozi kikaja tena, kikavu, cha mtu mzima, kutoka kabatini.

Nyumba ya upande wa pili wa ukuta huo tuliambiwa haina mtu. Nilishuka kumuuliza mlinzi, bwana wa makamo aliyeanza kazi mwezi ule. Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari mtupu. "Meiyou ren," akasema, hamna mtu, akarudi kwenye tambi zake. Nikampigia Anatory huko Yiwu, naye akanicheka. "Mama Koku, msomi mzima, bado kidogo uitwe daktari, unaogopa kabati?"

Jumamosi ya tarehe kumi na moja yakaanza mapigo. Matatu, kimya, matatu tena, chini kabisa karibu na sakafu.

"Mama, babu anabisha hodi," Koku akaniambia.

"Babu gani?"

"Wa kabatini."

Tangu hapo kila akirudi chekechea alipiga magoti pale na kusema, "Karibu, babu," na ukuta ukamjibu. Unataka kujua nilifanya nini mimi? Nilitundika rozari kwenye kabati, nikanyunyiza yale maji ya baraka aliyonipa Mama, na nikafungua redio kwa sauti. Kwetu mtu akibisha hodi anafunguliwa, hata kama ni adui.

Jumanne kifua cha Koku kikaanza kupiga filimbi, na hapo ndipo nikamtafuta Ameir, Mzanzibari anayesomea uhandisi hapa. Alikuja Jumatano, akafungua dari, akakitoa kichujio na kukigeuzageuza mkononi.

"Dada Leokadia, hiki umekifua?"

"Kidogo."

"Hiki hakifuliwi hata hicho kidogo. Umeshakiua. Sasa nyumba yatolewa pumzi, hairejeshewi, ndio maana yajitafutia pengine."

Akasogeza kabati. Nyuma yake, chini ya rangi, kulikuwa na umbo la mlango. Zamani nyumba hizi mbili zilikuwa moja, mlango wa kati ukazibwa kwa ubao na plasta, na plasta ilikuwa imepasuka chini. Ameir akabandika utepe wa gundi kwenye ufa, akaweka kichujio kipya. Mlango wa chooni ukatulia. Harufu ikaisha, mapigo yakaisha, na kifua cha Koku kikanyamaza. Nilimpikia Ameir pilau tukacheka pamoja habari yangu na rozari yangu.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nafua nguo, mikono ikasimama ndani ya beseni. Ameir alinieleza upepo ulipita wapi. Hakunieleza nani alikuwa anakohoa.

Koku alikuwa chekechea. Nilipanda juu ya kiti, nikakitoa kichujio kipya, nikarudisha kile nilichokiharibu, nikabandua utepe ukutani, nikakaa sakafuni, mkono kwenye ufa. Baada ya muda hewa ikaanza kupita kwenye vidole vyangu. Haikuwa na ubani tena, ilikuwa na harufu ya mkojo. Nikabisha mara tatu. Nilingoja hadi nikaanza kujionea aibu. Kisha likaja pigo moja.

Sitakuchosha na kelele nilizompigia yule mlinzi kwa Kichina changu cha sokoni. Alifungua. Mzee alikuwa amelala sakafuni, ubavu wake kwenye ukuta wetu, ameshika kandambili mkononi. Kando yake palikuwa na chupa ya chai tupu na makaratasi ya keki za sikukuu yao ya mwezi mpevu. Alinitazama muda mrefu bila kupepesa.

Kilikuwa kiharusi. Alikuwa amehamia kwa bintiye Shenzhen, hakupazoea, akarudi mwezi wa nane, na hakuna aliyesahihisha daftari. Mama wa kumhudumia alikwenda kwao sikukuu, na huko huko akawa anamwandikia binti kwamba mzee hajambo.

Juzi binti alikuja kwetu na mabalungi, akainama mbele yangu huku akilia. Aliniuliza baba yake alibisha siku ngapi kabla hatujasikia. Nikasema siku moja. Nikasema tuliposikia tu, tulikimbia. Koku alikuwa ameegemea goti langu, na Kichina anakijua kunizidi. Alininyanyulia macho.

Ni siku sita, dada. Anatory hajui, wala Ameir hakunihesabia. Naona haya, na sijui nimwambie nani ila wewe.

Daktari anasema ulimi wa mzee unafunguka vizuri, tayari anataja watu kwa majina na siku kwa tarehe. Jumatatu wanamrudisha nyumbani, kitanda kwenye ukuta ule ule. Khalid ana safari ya kupitia Muscat na mapumziko ya siku mbili, kwa hiyo utakapokuwa unasoma haya, Jumatatu itakuwa imepita.

Nisalimie Mama huko Bukoba, shemeji Heriel, na Anastazia pamoja na mapacha wake. Mungu awafunike nyote, na awape usikivu kuzidi alionipa mimi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Leokadia