Barua Iliyosomwa Mkutanoni

Kinampanda,
11 Desemba 2022

Mwanangu Agripina,

Hujambo, na wanafunzi wako hawajambo? Sisi huku tunasukuma siku. Magoti ya mama yako yamempumzisha kidogo, anakusalimu sana. Naandika kwa sababu simu siisikii tena. Ukiongea nasikia kama nyuki kwenye mzinga, lakini barua naweza kuirudia mara mbili, tatu.

Mvua hakuna. Alizeti nilipanda, ikachomoza vidole viwili ikanyauka. Mbegu ya uwele naogopa kuitia chini. Na watu wakikaa bila kazi ya shamba wanakaa na maneno. Mzee Isaka anasema ni dhambi zetu. Wengine wanasema zile sola za zahanati ndizo zinazovuta jua. Innocent, yule aliyemaliza kidato cha nne, anasema kuna tundu angani. Juzi mwenyekiti wa kitongoji akanigeukia mbele za watu: "Mzee Gerald, si una binti mwalimu wa jiografia? Muulize."

Basi nakuuliza, mwanangu. Ni nini kimezuia mvua?

Baba yako,
Gerald


Songea,
20 Desemba 2022

Shikamoo baba,

Natumaini wewe na mama mnaendelea vizuri. Mimi mzima. Naandika kwa haraka, kesho alfajiri nasafiri kwenda Mbinga kwenye harusi ya mwenzangu wa kazini na bado sijafunga hata begi.

Waambie hao wazee waache habari za dhambi na sola. Sababu inajulikana: mnakata miti. Anayechoma mkaa anafukuza mvua. Acheni mkaa, mvua itarudi.

Msalimie mama, na majirani zetu baba Kefa na mama Kristina pia.

Ni mimi binti yako,
Agripina


Kinampanda,
29 Januari 2023

Mwanangu Agripina,

Marahaba. Nashukuru kwa barua, ilifika salama kwa basi. Mama yako hajambo, ila haongei nami vizuri, na utajua kwa nini.

Barua yako niliisoma kwenye mkutano. Walikuja watu kama mia mbili, sijawahi kuona mkutano umejaa hivyo. Nilisoma kwa sauti, na pale pa mkaa nikarudia, kwa sababu walipiga makofi. Nilijisikia mtu, mwanangu, siwezi kukudanganya. Ndipo mmoja akauliza, "Hapa kwetu nani anachoma mkaa?" Wote wakamwangalia Kefa.

Unajua shamba la Kefa lilivyo, mawe matupu. Mkaa wake ndio tunaopikia sote. Ni yeye aliyekubeba mgongoni hadi hospitali ya Kiomboi ulipopata degedege. Vijana walitoka pale moja kwa moja wakavunja tanuri lake, wakagawana magunia, wakampa mpaka asubuhi awe ameondoka. Alikuwa amesimama karibu nami. Akaniambia, "Gerald, hata wewe?" Mimi nilikuwa bado nimeshika karatasi.

Amekwenda Sekenke kuchimba dhahabu. Mkewe Kristina amebaki na watoto.

Sasa ni wiki ya tatu tangu aondoke na mbingu ni nyeupe. Watu wananiuliza. Je, baada ya mkaa kukoma, mvua inachukua siku ngapi kurudi?

Baba yako,
Gerald


Songea,
12 Februari 2023

Shikamoo baba, shikamoo mama,

Nimeisoma barua yako nikashindwa kuingia darasani. Afya ninayo, lakini moyo sina.

Baba, niliandika vibaya. Niliandika kama mtu anayejibu swali la mtihani huku kengele inalia. Naomba unisikilize taratibu sasa.

Kukata miti ovyo kuna hasara, hilo sifuti. Udongo unachukuliwa na maji, chemchemi zinakauka, na moshi wake nao una sehemu yake. Lakini tanuri la Kefa halikuzuia mvua ya Iramba, wala kulivunja hakutaileta. Dunia nzima imepata joto. Joto hilo limeletwa zaidi na makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa kwenye viwanda, mitambo ya umeme na magari, zaidi ya miaka mia sasa, na sehemu kubwa ni huko nchi za mbali. Hewa yake chafu haikai kwao. Inatanda juu ya wote kama blanketi, tajiri na maskini wakalala humo humo. Moshi wa kitongoji chetu ukiuweka kwenye hesabu hiyo, hauonekani.

Tundu la Innocent ni jambo jingine, silo linaloleta joto hili. Sola hazivuti jua, zinapokea tu linaloanguka. Na hata ukame wa mwaka mmoja haumhukumu mtu. Ukame ulikuwepo tangu enzi za babu. Kinachobadilika ni miaka mingi ikiwekwa pamoja: joto linapanda, na misimu haitabiriki kama zamani.

Haya nilikuwa nayajua siku ile, baba. Nilikuwa nayajua na sikuyaandika, kwa sababu ya harusi.

Nakuomba uisome hii kwenye mkutano, kama ulivyoisoma ile. Na Kefa arudi.

Binti yako,
Agripina


Kinampanda,
6 Agosti 2023

Mwanangu Agripina,

Hujambo? Najua umeandika mara mbili nami nimenyamaza. Sikuwa mgonjwa. Mama yako ni mzima. Ni aibu tu.

Tulivuna madebe mawili ya uwele.

Mwezi wa sita nilipanda gari nikaenda Sekenke. Nilimkuta Kefa nje ya duara, ndivyo wanavyoita mashimo yao. Amekonda, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Alinikaribisha, akanipa maji kwanza kabla hajakunywa yeye. Nikamsomea barua yako yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Gerald, ile ya kwanza uliisoma mbele ya watu mia mbili. Hii unanisomea mimi peke yangu porini."

Nikamwambia nitaisoma na mkutanoni. Akasema, "Ukishaisoma, nitumie habari. Nitakuja siku hiyo hiyo."

Tangu nirudi nimemwendea mwenyekiti mara moja. Alisema ajenda zimejaa. Sikusisitiza. Vijana waliovunja tanuri ni watoto wa watu ninaosali nao, na mmoja ni wa ndugu yangu mwenyewe. Nimesema ngoja watu wapumzike na njaa kwanza.

Usinihukumu sana.

Baba yako,
Gerald


Songea,
19 Novemba 2023

Shikamoo baba,

Natumaini mko salama. Mimi sijambo.

Sikuhukumu. Ningekuhukumu kwa mdomo gani? Lakini usingoje tena. Mwaka huu wanatangaza mvua kubwa kuliko kawaida. Hamisheni chakula kutoka mabondeni. Na ikija kwa wingi, watu wasitafute tena mtu wa kumbebesha.

Umeisoma? Niandikie neno moja tu.

Binti yako,
Agripina


Kinampanda,
3 Machi 2024

Mwanangu Agripina,

Hujambo. Mama yako hajambo. Kaa chini kabla ya kuendelea.

Mvua ilikuja kama ulivyosema. Ilichukua alizeti yote ya bondeni, na kuta za nyumba tatu. Safari hii hakuna aliyeuliza ni nani.

Wiki iliyopita, baada ya mvua ya siku mbili, duara la Sekenke lilititia Kefa akiwa ndani. Wenzake wawili walitolewa wakiwa hai. Yeye walimfikia siku ya pili. Tumemzika hapa jana.

Nilikuwa bado sijaisoma, mwanangu. Miezi minane tangu nimwahidi.

Kabla ya kufukia niliomba ruhusa kwa Kristina, naye akaitikia kwa kichwa tu. Nikasoma barua yako kaburini, yote, na mahali nilipokosea mimi nikasema kwa maneno yangu. Watu walikuwa wengi kuliko siku ile ya mkutano. Mwenyekiti alitazama chini. Wale vijana ndio walioshika makoleo, na mmoja wao alilia hadi akanyang'anywa koleo.

Nilipomaliza, Kristina akasema, "Kwa hiyo si mume wangu."

Nikamwambia, "Siye."

"Ni hao wenye viwanda vya mbali."

"Zaidi ni wao."

Akasema, "Hao siwajui, wala hawajanikosea uso kwa uso. Waliomfukuza nawajua. Wamesimama hapa."

Tukafukia.

Leo asubuhi nimepita kwake. Amenipa kiti, lakini hakukaa nami. Ameniuliza habari zako, kama upo, kama u mzima. Nikamwambia utamwandikia.

Akasema usimwandikie. Akasema kama unalo neno, uje ulisemee hapa, yeye akikutazama.

Basi la Singida linatoka huko lini?

Baba yako,
Gerald