Jani la Isale Ndani ya Bahasha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Mimi ni mzima wa mwili ila nimekasirika, nakwambia mapema usije ukashtuka katikati ya barua. Mguu wako je? Kaka Aloyce ameniandikia kwamba umekataa kwenda hospitali Moshi mjini, eti migomba haina wa kuipalilia. Mama, migomba haitakimbia. Nenda ukaonwe huo mguu.

Barua yenu imenifikia huku Newala juzi, imechoka kuliko msafiri, maana mvua zimeharibu barabara na mabasi yalikwama siku nyingi kwenye kivuko cha Rufiji. Niliifungua ofisini mbele ya walimu wenzangu, jani likaanguka mezani. Jani la isale, limekauka mpaka ncha zimekatika! Mwalimu wa hisabati akasogeza kiti chake nyuma. "Mwalimu Anjela, hiyo ni dawa au umetumiwa uchawi?" Nikaanza kumweleza kwamba kwetu Rombo mtu aliyekukosea akikuletea isale huna ruhusa ya kumkatalia, hata kama alimwaga damu ya ndugu yako. Sikumaliza. Nilitoka nje na jani langu, nikalia nyuma ya tangi la maji kama mwanafunzi aliyechapwa.

Mama, tangu lini mzazi akampelekea mtoto wake isale? Nani alikushauri? Umeniaibisha na umenimaliza kabisa.

Najua unaniomba msamaha wa nini. Nilikuwa kidato cha tatu, na baba tulikuwa tumemzika wiki moja tu. Katekista alikuja kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, akayaona masale, mmea huuhuu wa jani lako, niliyoyapanda kuzunguka kaburi, akasema hayo ni mambo ya mizimu, yasipong'olewa Padre hatakuja kusoma misa ya marehemu. Nikakwambia, "Mama, usiyaguse." Ukachukua jembe. Uliyang'oa moja moja majirani wakitazama, na hukunigeukia hata mara moja. Jumapili yake nilikataa kwenda kanisani, nikasema mbele ya watu kwamba Mungu anayeogopa majani mimi simtaki. Ulinizaba kofi. Kofi lile nilishalisahau, Mama. Ni lile jembe ambalo sikuweza kulisahau.

Tangu hapo sikusali. Chuoni wenzangu walipokwenda misa mimi nilifua nguo. Krismasi, Wachagga wote wanapopanda mlimani kwao, mimi nilitafuta sababu ya kubaki, mara nina homa, mara nina mtihani. Miaka mitano! Na sasa Aloyce ananiandikia, bila hata haya, kwamba Padre mpya amewapatanisha majirani wawili mbele ya altare kwa isale, na watu wakapiga makofi. Kwa hiyo sasa limeruhusiwa? Si mngenipigia hata simu ya upepo! Nimekosa Krismasi tano kwa mmea ambao leo unaingia kanisani kwa mlango wa mbele. Nikifikiria naona nitapasuka.

Lakini ngoja nikwambie jambo ambalo nilitaka kukwambia kwa mdomo, na wewe kwa haraka zako umenivurugia.

Nilipofika hapa, mwalimu mkuu wetu, ambaye ni Mwislamu swalihina, alinipa kipindi cha dini cha watoto wa Kikristo. Nikamwambia mimi sisali. Hakuinua hata kichwa. "Wewe ni Mkatoliki wa Rombo. Kusali ni lako na Mungu wako, ratiba ni yangu." Ungemsikia! Basi kila Ijumaa nikawa nafundisha kwa kununa, nikisema yaleyale uliyonifundisha wewe tukichuma kahawa.

Tukafika kwenye Baba Yetu, pale pa kuwasamehe waliotukosea. Hawakuelewa hata kidogo. Siku hiyo wasichana wawili, Zuhura na Agnesi wa darasa la tano, walikuwa wamepigana kisimani, na Agnesi alikuwa amevunja ndoo ya mwenzake. Isale sikuliona popote, nikachuma jani la muhogo, nikampa Agnesi, tukamwita Zuhura kutoka chumba cha pili, kwenye kipindi cha Waislamu. Agnesi akasita. "Mwalimu, na akinikataa?" Nikamjibu kwa ukali, "Hakatai mtu. Ukija na jani hata Mungu hakatai."

Mama, niliyasikia maneno yangu mwenyewe. Zuhura akapokea jani akacheka, wakaondoka pamoja, na mimi nikabaki nimeshika chaki. Kitu kilichonitoa kanisani ndicho hichohicho nilikuwa nakitumia kumweleza Mungu, na niliyaamini niliyoyasema. Iliniudhi sana kwamba niliyaamini.

Jumapili nilitembea saa mbili na nusu mpaka misheni. Nilijiandaa kugombana na padre wa kule, hoja zote nilikuwa nazo kichwani. Nikaungama kila kitu, na wewe na jembe lako. Akanipa kitubio cha Salamu Maria tatu. Tatu, Mama, kwa miaka mitano! Nilitaka kumrudia aongeze. Nikazisali, na sikuweza kumaliza ya tatu kwa machozi.

Kwa hiyo jani lako limechelewa. Nilishakusamehe pale misheni, na ni mimi niliyepaswa kukuomba radhi kwa maneno niliyokutupia mbele ya watu. Nimelipokea hata hivyo, limo ndani ya kitabu changu cha sala, na wewe unisamehe.

Nisalimie kaka Aloyce, mwambie mwandiko wake umezidi kuharibika. Msalimie bibi mzaa baba, na shangazi jirani anayepeleka mtori kila anakosikia kuna mgonjwa. Katekista naye msalimie, nikiweza kumsalimia mwenyewe bila kununa nitafanya hivyo.

Shule zikifungwa nakuja Krismasi. Tutakwenda misa ya kwanza, na tukitoka tutakata masale mpakani mwa kihamba tuyarudishe kaburini kwa baba. Tutatumia jembe lilelile. Mimi nitapanda, ila mashimo utachimba wewe, ndiyo maana nataka huo mguu uwe umepona.

Mwanao, ambaye hasira bado hazijamwisha vizuri,

Anjela