Peugeot ya Taata Ilipopanda Nshamba

Nyanga, Bukoba
29 Desemba 2024

Mpendwa dada yangu, Sista Alistidia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Songea, na lile goti limepoa. Huku sote wazima. Mama anakula vizuri na bado anagombana na kuku wa jirani. Uliniomba nikuandikie habari za harusi ya mdogo wetu Edvina, maana kwenye simu kila mtu anakupa kipande anachokipenda. Naandika kama ninavyoandikia gazeti: nilichokiona na nilichokiuliza.

Unajua kwetu bibi harusi huondoka na gari la upande wa baba. Kaka Protase alishatangaza kwamba Edvina atapanda Peugeot ya marehemu Taata, na akaiendesha kutoka Dar kwa ajili hiyo. Mjomba Rutaihwa akasema mtoto amekulia kwake Nshamba, basi atapanda Datsun yake. Vikao vikakaliwa, ndizi zetu za ebitoke zikaliwa, hakuna aliyelegea. Mwishowe Baba mdogo Onesphory akachoka, akasema magari hayo yashindane, litakaloshinda limbebe bibi harusi, watu wakalale. Protase alikubali haraka mno. Injini yake ni kubwa kuliko ya Datsun, na fundi Riyadhi wa Dar alikuwa ameinoa vizuri.

Walishindana Nshamba, siku iliyofuata Krismasi, kwenye kipande kilichonyooka cha barabara ya zamani ambacho magari hayapiti tena. Onesphory alishusha kitambaa. Peugeot ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikaja kama mzee anayepanda ngazi. Ilipofika, Mjomba alikuwa ameshashuka na anafuta kioo. Alimuuliza Protase kama humo ndani anachoma mahindi. Protase akasema petroli ya Muleba ni chafu. Mjomba akamjibu: Datsun inakunywa hiyohiyo, mpwa wangu, na haijalalamika. Vijana walicheka hadi wakakaa chini.

Sikuridhika. Jioni nilimpigia Riyadhi. Alinieleza kwamba huko juu milimani hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayopima hewa na kupunguza petroli. Kabureta ya zamani haina akili hiyo. Inamwaga petroli kama vile bado iko Dar, na injini inapaliwa. Ukipanda mlima, unabadilisha jeti, kile kipande chenye tundu la kupitisha petroli, unaweka chenye tundu dogo zaidi, kama cha Datsun inayoishi hukohuko. Nguvu haitarudi yote, lakini gari litakimbia. Kisha akashangaa: kwani zile jeti ndogo hazikufungwa? Alimkabidhi Edvina jeti hizo ndani ya kiberiti, siku Edvina alipokuwa Dar na kwenda kulichukua gari kwa niaba ya Protase aliyekuwa kazini, na akamweleza kila kitu.

Dada, hili ni lako peke yako. Nilimkuta Edvina akisukwa. Nikasubiri msusi atoke, nikamuuliza. Hakukana. Alifungua mkoba akanipa kiberiti. Alisema Mjomba ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali alipougua, na ndiye aliyemlea baada ya Taata kufariki. Lakini kama angeomba tu kwenye kikao abebwe na Mjomba, kaka zetu wangekataa, na Mjomba angeonekana anaomba mtoto wa watu. Alitaka Mjomba ashinde mbele ya wote.

Jana Mjomba alimbeba. Alivaa suti ya kijivu iliyombana tumbo, akaendesha polepole hadi padre akatoka nje kuchungulia barabara. Edvina alikuwa anacheka. Protase alifuata nyuma na moshi wake, na kanisani alikuwa wa kwanza kumpa Mjomba mkono.

Kiberiti kiko kwangu. Kesho fundi Bashiri wa hapa kwetu atazifunga hizo jeti, nami nitasimama pale kuona. Protase bado anailaumu petroli. Hajaniuliza kitu, na kazi yangu ni kuuliza, si kujibu nisichoulizwa.

Mama anakusalimu sana, na Mjomba pia. Anasema ukija likizo atakupokea stendi kwa Datsun. Utukumbuke katika sala, na Peugeot pia.

Mdogo wako akupendaye,
Kokuberwa