Jedwali Moja la Lifti Zote

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kaamka na wazo. Balaa! Kila fundi wetu wa lifti ana ukurasa wake kwenye wiki ya ofisi, ile tovuti yetu ya ndani, na kila ukurasa una jedwali: Mahali, Kasoro, Ukaguzi wa Mwisho, Hali. Sasa anataka ukurasa mmoja unaovuta majedwali yote, ukibonyeza "Mbovu" zibaki mbovu tu. Ijumaa, mbele ya wenye majengo. Nani atautengeneza? Mimi, nani mwingine.

Dada wa mapokezi kanipa pole. Nikajibu "asante, na wewe pia". Na wewe pia nini?! Miezi saba sasa nampenda na bado sijamaliza sentensi moja ya maana mbele yake.

Jumanne, 4 Machi
Nimeunganisha kurasa zote, hata wa mapokezi wenye simu za wateja. Nimechuja "Mbovu". Jibu: sifuri. Kampuni nzima haina lifti mbovu — mbona simu haziachi kulia? Nikachungulia. Mmoja kaandika "imekufa". Mwingine "hoi". Fundi mkuu kaandika "imenuna" mara tisa. Nikamwomba aandike mbovu kama wenzake. Akakataa katakata. Eti mbovu haipandi, iliyonuna inapanda ikijisikia, na yeye anazijua lifti tangu sijazaliwa. Haya, shikamoo. Kichujio sasa kinatafuta mbovu, imekufa, hoi au imenuna.

Jumatano, 5 Machi
Imekubali! Mistari thelathini na mmoja. Nikacheza kidogo kwenye kiti. Kisha nikasoma mstari wa kumi na tisa. Mahali: duka la dawa. Kasoro: anajisifu, anatafuna kwa kelele. Hali: mbovu.

Lifti gani inatafuna?

Unaofuata: binamu wa jirani. Kasoro: mpaka leo anafuliwa na mama yake. Hali: hoi.

Yote imetoka ukurasa wa mapokezi. Mungu wangu — ni wachumba! Dada wa watu kachukua fomu yetu ya lifti akawapanga humo, chini kabisa ya jedwali la simu za wateja, akidhani hakuna anayefika huko.

Nikaondoa kichujio. Najua, sina adabu. Mahali: dawati la dirishani. Kasoro: haongei. Ukaguzi wa mwisho: haujafanyika. Hali: pako wazi, hajaandika kitu.

Dirishani nakaa mimi!

Jioni nimemsimulia shangazi jikoni nyumbani. Kacheka mpaka akakaa chini. Akasema nishukuru sijaandikwa mbovu, niende nikaongee na mtoto wa watu.

Alhamisi, 6 Machi
Kuutoa ukurasa wake siwezi, bosi anazitaka zile simu za wateja. Kulifuta jedwali la wachumba kimya kimya — atajua nimeona. Bora nimwambie. Nimeenda mara tatu. Ya kwanza nikaazima stepla. Ya pili nikairudisha. Ya tatu nikaiazima tena. Akauliza kwani nina karatasi ngapi. Nikasema nyingi. Nyingi!

Mwoga mimi. Kesho nawahi, nawaficha kwa kichujio.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kaniwahi! Nafika, ukurasa uko ukutani, wenye majengo wameketi, naye anasoma kwa madaha: anajisifu, anatafuna kwa kelele… Mwenye jengo mmoja akauliza hiyo lifti ni ya aina gani. Fundi mkuu, uso mkavu, akasema zile za zamani hutafuna. Mlangoni dada wa mapokezi kashika sinia la chai, haingii wala hatoki. Bosi akauliza upuuzi huu kaandika nani.

Nikasimama. Nikasema ni mimi, ni mistari ya majaribio, nimesahau kuifuta. Sauti ilitoka yote! Bosi kasema nimsubiri nje ya ofisi yake.

Naandika hapa hapa kwenye benchi. Dada wa mapokezi alikuja akakaa. Akauliza polepole: nilisoma yote, au yaliyochujwa tu?

Yote, nikasema. Akafunika uso kwa viganja. Nikamwambia namuomba radhi, na kwamba nimetaka kuongea naye tangu mwezi wa nane. Sentensi nzima, bila stepla!

Akainuka. Kasema jedwali ni lake, hawezi kukaa nifukuzwe kazi kwa sababu ya mtafunaji, anaingia yeye kwanza. Nisiondoke. Ana maswali.

Mlango umefungwa. Bosi anapaza sauti. Yeye anapaza zaidi. Jasho hadi kwenye soksi, lakini siondoki ng'o. Wamenyamaza. Kitasa kinazunguka —